Mchanga wa Makorongo ya Ipole

Nilipoolewa sikujua kwamba mume wangu anaishi hemani. Nilijua tu kuwa ni mtu wa serikali, na kwa sisi wa mjini Tabora, uhuru ukiwa na miaka kumi na ushei, mtu wa serikali alikuwa mtu wa ofisini, mwenye feni juu ya kichwa na nyumba ya bati yenye bomba uani. Mshenga aliyeleta posa alisema, "Kijana anapima nchi." Baba yangu, ambaye alikuwa fundi cherehani pale barazani kwetu, akaelewa kuwa ni mpima viwanja. Akafurahi sana. Mpima viwanja, alisema, hawezi kukosa kiwanja chake mwenyewe.

Haikupita wiki tangu harusi, mume wangu akaniambia kuwa likizo yake imekwisha na anarudi kambini, upande wa Ipole.

"Kambini kuna nini?" nikamuuliza.

"Tunatafuta mawe."

"Yamepotea?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Yeye alizaliwa Nzega, kwa watu wa ng'ombe na mtama, na alikuwa mtu wa maneno machache. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka hivyo. Alipotulia akanieleza kuwa ni mjiolojia, kwamba amesomeshwa na serikali kusoma miamba, na kwamba yeye na kikosi chake wanatembea nchi nzima ile ya kusini mwa Tabora, mlima kwa mlima, korongo kwa korongo, wakichora ramani ya mawe yaliyoko chini ya udongo. Akasema ninaweza kubaki kwa wazazi wangu, naye atakuwa anakuja kila mwisho wa mwezi. Kambi si mahali pa mwanamke wa mjini.

Labda kama asingeiongeza hiyo sentensi ya mwisho ningebaki.

Mama alilia. Baba hakulia, ila alinifuata mpaka kwenye Landrova, akaegemea mlango na kuniambia kwa sauti ya chini, "Babu yangu alikuja hapa kwa miguu kutoka pwani, na mzigo wa shaba kichwani. Alipofika Tabora akasema basi, hatembei tena yeye wala kizazi chake. Sasa wewe unakwenda wapi?"

"Nakwenda na gari, baba," nikamjibu.

Kambi ilikuwa mwituni, mahema kadhaa chini ya miyombo, mbali kidogo na barabara kuu iendayo Ipole. Vijana wa kikosi walikuwa wapole, wote wakinisalimia kwa heshima na kuniita shemeji. Lakini alfajiri walikuwa wakiondoka wote na nyundo zao, dira zao na picha za nchi zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na hawarudi mpaka jua lianze kuzama. Nilibaki na mpishi, mzee mmoja mkali ambaye hakutaka niguse hata mwiko. "Serikali inanilipa mimi," alikuwa akisema. Kwa hiyo nilikaa. Nilifukuza mbung'o kwa kanga, nikasuka ukili mpaka ukaisha, nikahesabu majani ya mti. Usiku nilikuwa nikimgeuzia mume wangu mgongo, naye alijua kwa nini.

Jioni moja aliweka karai la mchanga mbele ya hema na chekecheo dogo lenye matundu membamba, mfano wa lile la kuchekechea unga.

"Unajua hili?" akauliza.

"Nimekua nalo mkononi."

Akanionyesha. Kikosi kilikuwa kinachota mchanga kwenye midomo ya makorongo, pale yanapoingia kwenye mto mkubwa zaidi. Ule mchanga ulikuwa unakaushwa, unachekechwa, na ule ulio laini kabisa unatiwa kwenye vifuko vya karatasi na kupelekwa Dodoma kupimwa. Nikamuuliza faida yake nini. Akasema milima ni mingi na miguu ni michache. Mvua ikinyesha, maji yanateremka na chembe kidogo kutoka kila mteremko unaopitiwa. Kama huko juu kuna dhahabu au shaba, au chochote kile, dalili yake itaonekana chini kwenye mchanga, kabla hata mtu hajaupanda mlima.

"Korongo halifichi," alisema. "Ila lazima uchekeche vizuri. Vijana wangu wana haraka."

Siku ya pili nilianza kazi. Mwezi haukuisha kabla sijaanza kutoka nao kwenda kuchota mwenyewe, kwa viatu vya kijana mmoja wa kikosi vilivyojazwa matambara mbele. Nilijifunza kuchimba pembeni mwa jiwe kubwa, upande ule maji yanapopunguza mwendo, kwa kuwa hapo ndipo vitu vizito vinapokaa. Nilijifunza kuutambua ulanga unaometameta kama magamba ya samaki, na zile chembe nyeusi nzito zinazobaki mwisho kwenye karai ukilizungusha. Mikono yangu iliyotiwa hina ya harusi ilipasuka na kuota sugu. Nilikuwa ninalala usingizi mzito. Sikumgeuzia mume wangu mgongo tena.

Maji ya kambi tuliyachota kwenye kisima cha jirani. Kulikuwa na kaya chache pale, za watu wa mizinga na tumbaku kidogo, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja mjane, aliyekuwa akikaa na mwanawe wa kiume, mkamwana na wajukuu. Kila mtu alimwita Mayu, yaani mama, nami nikamwita hivyo hivyo. Siku ya kwanza aliyoniona nimechuchumaa korongoni, alisimama juu ya ukingo na ndoo yake kichwani, akanitazama muda mrefu.

"Mwangaluka," akasema.

"Mwangaluka, Mayu. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta nini humo?"

"Sijui, Mayu. Nikikipata wataniambia."

Alitua ndoo akacheka. Tangu siku hiyo, akiwa na nafasi alikuja kukaa nami. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, maana marehemu mumewe alikuwa akipeleka nta mjini. Aliniuliza habari za Tabora, bei ya vitenge, kama ni kweli wanawake wa mjini wanaoga maji ya moto kila siku. Nilipochelewa kuona siku zangu, yeye ndiye aliyejua kabla yangu. Alinitazama nikisukuma chakula mbali, akasema, "Hicho unachokitafuta umekipata," akainuka akaenda zake huku anatabasamu.

Mume wangu alitaka kunirudisha mjini. Nikamwomba tungoje mwezi mmoja, mpaka kikosi kimalize makorongo ya upande ule. Nilikuwa na nguvu. Hakuna aliyeona sababu ya hofu.

Ilitokea wakati kikosi kizima kimeenda milima ya mbali na gari, kwa safari ya siku kadhaa. Nilikuwa korongoni asubuhi, nikasikia maumivu ya kiuno, nikadhani ni ya kuinama. Niliponyanyuka nikaona damu. Nilijaribu kutembea kwenda kambini nikashindwa, nikakaa juu ya mwamba. Mkamwana wa Mayu, aliyekuja kuchota maji, ndiye aliyenikuta. Alipiga ukelele, Mayu akaja mbio, mwanamke mzima yule, akiwa na majivu mikononi. Wakanibeba wawili hao, mmoja begani na mwingine miguuni.

Sikupelekwa kambini. Nilipelekwa kwa Mayu na kulazwa kitandani kwake. Yeye ndiye aliyefanya yote yaliyopaswa kufanywa siku hiyo. Alinikanda kwa maji ya moto, akaninywesha uji kwa kijiko, akamfukuza mpishi wetu aliyekuwa anazunguka nje akilia kama mtoto. Na kile nilichokipoteza alikifunga kwenye kanga yake nzuri akaenda kukizika mwenyewe. Aliporudi alinawa mikono, akakaa kando yangu.

"Nimemweka pamoja na wangu," alisema. "Hayuko peke yake."

Sikujua mpaka saa ile kwamba naye alikuwa na watoto mchangani.

Mume wangu aliporudi alikuta nimeshaweza kukaa. Alishika mguu wangu, si mkono, mguu, akaushikilia hivyo. Kisha akatoka nje. Mkamwana aliniambia baadaye kuwa alisimama nyuma ya Landrova kwa muda, na vijana wake wote wakageukia upande mwingine.

Habari ilifika mjini, na baba akaja. Alipanda lori la mfanyabiashara lililokuwa linafuata tumbaku, akateremka na kanzu yake nyeupe imekuwa nyekundu kwa vumbi. Mume wangu alimwamkia, "Shikamoo baba," naye akaitikia vizuri, hakumlaumu kwa neno. Alikaa kwenye kiti cha turubai akatazama mahema, mawe yaliyopangwa, vifuko vya mchanga, kisha akanitazama mimi.

"Nimekuja kukuchukua."

"Najua, baba."

"Mama yako amekutengea chumba. Utapumzika, ukitaka kurudi utarudi."

Nilimwambia siwezi kwenda. Akauliza kwa nini. Sikutaka kuondoka nikiwa nimebebwa. Na pale, karibu na ile nyumba ya Mayu, nilikuwa na mtu wangu. Halafu Mayu akaja kumsalimia, wakakaa wawili hao wakaongea habari za nta na za watu wa zamani wanaofahamiana nao, na wakati wa kuondoka baba alivua kofia yake iliyodariziwa kwa mkono wake mwenyewe akampa mjukuu wa kiume wa Mayu. Kwangu alisema neno moja tu: "Kula."

Ilikuwa baada ya hapo, kiangazi kikiwa kimeshika, ndipo habari za kuhamia vijijini zilipofika upande wetu. Tulizisikia redioni siku nyingi. Watu waliotawanyika waishi pamoja, wapate shule, zahanati na maji. Mume wangu aliyaamini maneno hayo; yeye mwenyewe alitembea mbali mno kwenda shule utotoni. Akaja kijana mmoja ofisa, amebeba mkoba na kipaza sauti kibovu, akakusanya watu akawaambia kaya zote za mwituni zitahamia kwenye barabara kuu, mahali palipokwisha kuchaguliwa, nyumba kwa mstari. Mvua za kwanza zisiwakute huku.

Mayu alikuja kwangu siku hiyohiyo. Nilidhani atalia, lakini hakulia.

"Kuhama tumehama mara nyingi," alisema. "Mume wangu alinihamisha hapa nikiwa na mimba. Sina neno. Nataka kujua jambo moja. Mume wako anayajua mawe. Muulize, kule tunakopelekwa maji yapo?"

Nilimuuliza wakati wa kula. Aliacha kutafuna.

"Hakuna," akasema. "Tumepita pale. Udongo ni ngozi nyembamba tu, chini yake mwamba mzima. Hata wakichimba mwaka, hawatapata kitu."

"Basi kawaambie."

"Mimi nimetumwa kuangalia mawe. Mambo ya watu yana wenyewe. Nikiingia humo nitaonekana napinga."

Nilijua anasema kweli. Siku zile mtu aliweza kuharibikiwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Lakini nilikuwa nimelala kitandani kwa mama yule.

"Siku ile niliyolala kule," nikamwambia, "nilikuwa jiwe?"

Alinawa mikono akaenda kulala. Asubuhi hakutoka na kikosi. Alivaa shati lake safi, akachukua picha za nchi zile za kutoka angani, akaniambia, "Twende wote. Ukae karibu nisije nikaongea vibaya."

Ofisa alikuwa amepanga kwenye darasa la shule moja jirani. Tulimkuta amekaa nje ameloweka miguu kwenye beseni, imevimba kwa kutembea. Alitaka kuinuka, mume wangu akamzuia. Alionekana kijana zaidi kuliko siku ile alipohutubia watu.

"Ndugu," mume wangu akaanza, "sikuja kupinga. Watu wahamie barabarani, ni sawa. Nimekuja kwa ajili ya mahali."

Akamtandikia zile picha juu ya mkeka. Akamwonyesha weupe wa mwamba ulivyotokeza pale palipochaguliwa, kisha akateremsha kidole kufuata barabara ileile mpaka inapokaribia bonde, pembeni mwa mbuga. Akasema huko mwamba umeoza mpaka chini, unashika maji kama kitambaa. Ni barabara ileile. Ni mwendo mfupi tu mbele.

Ofisa aliziinamia zile picha.

"Ndugu yangu, mimi nimepewa mahali. Sikupewa maswali. Siku imetajwa, na wakubwa wanakuja kuona mstari."

"Mstari utauona. Ila kabla ya mvua za kwanza utawaona pia wakirudi porini na ndoo."

"Unanitishia?"

"Hapana. Nakuonea huruma."

Nilidhani mambo yameharibika. Ofisa alitoa miguu yake majini, akaipangusa pole pole kwa taulo, mmoja baada ya mwingine.

"Una majembe?" akauliza.

Vijana wa kikosi walichimba mahali pa kwanza mbele ya wazee wachache waliokuja kutazama. Sururu ziligonga mwamba kabla shimo halijamfika mtu gotini, zikatoa cheche. Wakasogea wakachimba tena, ikawa vilevile. Kisha wakaenda kule bondeni. Huko udongo ulikuwa mgumu juu, ukalainika, ukabadilika rangi, ukawa ule mwamba uliooza unaomeguka mkononi. Ofisa alivua shati akaingia shimoni mwenyewe kumpokea kijana aliyechoka. Kazi iliendelea mpaka kesho yake, na walipokuwa wanautoa udongo kwa ndoo na kamba, ukaanza kutoka umelowa. Mayu alikuwa amekaa pembeni na mkamwana wake. Alichukua bonge moja akalikamua kama mtu anayekamua nguo, akanionyesha kiganja.

Ofisa alihamisha mstari. Aling'oa vigingi vyake mwenyewe, akavipigilia upya kule bondeni, na alipoulizwa na waliomtuma alijibu nini, hatukuwahi kujua. Alihamishwa muda si mrefu, na sikumwona tena. Mume wangu naye aliitwa Dodoma, akaonywa kuwa mjiolojia haendi kuwafundisha wengine kazi yao, akawekwa kwenye meza ya kuchora ramani mpaka waliposahau. Aliumia, kwa sababu hakuwa mtu wa meza. Lakini hakuwahi kuniambia kuwa ni mimi niliyemsukuma.

Sitaki nionekane kama nasema kwamba watu walifurahi. Siku ya kuhama ilikuwa siku mbaya. Waliezua nyasi za mapaa yao wenyewe, wakabeba milango, vinu na kuku. Wazee wengine walibebwa. Mwana wa Mayu aliacha mizinga yake nyuma kwenye miti, ikawa kila akitaka kuirudia ni safari ya kulala njiani, na mingi ikaibwa au kuchomwa na moto wa kiangazi. Mwaka wa kwanza walilima ardhi mpya ambayo hawakuizoea na walivuna kidogo. Kisima kilitoa maji, lakini mwisho wa kiangazi yalikuwa ya tope na foleni ilianza kabla ya jogoo. Lakini yalikuwepo. Hakuna aliyerudi porini kwa kiu.

Kuhusu mchanga wangu, majibu yalikuja tukiwa Dodoma. Hakukuwa na kitu. Chembe kidogo za hiki na kile, kama zinavyopatikana popote, hakuna cha kufungulia mgodi. Nilikaa na habari hiyo siku nzima nikiwa na uchungu, nikikumbuka yale makorongo yote niliyoinamia. Mume wangu alinikuta jikoni. Akasema sasa ile sehemu ya ramani imejaa, na mtu mwingine hatahitaji kurudi kule kupoteza mgongo wake. Aliliona hilo kuwa jambo jema. Mimi ilinichukua muda mrefu zaidi.

Tulipata mtoto wa kike, mzima, nikamzalia Tabora kwa mama, chumba kile kile alichokuwa amenitengea. Baadaye mume wangu akarudishwa porini, safari hii upande wa Mpanda, na njia ikatupitisha Ipole. Tulisimamisha gari kijijini. Nyumba zilikuwa zimesimama kwa mstari kweli, baadhi zina bati, na kulikuwa na shule ambamo watoto walikuwa wanaimba hesabu. Mayu alikuwa amezeeka ghafla, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelegea. Alimpokea mtoto kwangu bila kuuliza, akamfunga mgongoni kwake, akaendelea kutwanga.

Nilimuuliza kama amepazoea.

"Kelele nyingi," alisema. "Huku mtu akikohoa, wa nyumba ya tatu anamwambia pole. Usiku nawaza kule kwetu." Akatwanga kidogo. "Lakini huyu mjukuu wangu mkubwa anasoma barua za watu wote wa mstari huu. Wanamletea mayai."

Alitupikia ugali wa muhogo na mlenda, akatukatalia kuondoka kabla hatujala. Nilipomwomba anipeleke kule kaburini, kwenye kaya ya zamani, alitikisa kichwa. Alisema pori limerudi, njia imefunga, na mwanangu huyu mdogo asipite pale akiwa bado ananyonya. "Mimi huenda," alisema. "Nikienda nasafisha makaburi yote."

Mume wangu alikuwa ameshawasha gari. Mayu alimfungua mtoto mgongoni, akanirudishia, akauliza huko Mpanda kukoje.

"Milima, Mayu. Na makorongo mengi."

"Utachekecha tena?"

"Nitachekecha."

"Haya," alisema, akainamia kinu chake. "Mvalishe mtoto kofia. Jua la huko nasikia ni kali."